Sauti ya Ngatia Kinywani mwa Jambazi

Nilikuwa nikimtia Ngatia kinywani mwa jambazi.

Kwenye televisheni, jambazi wa filamu alisimama mbele ya meza, mkono kiunoni, midomo ikicheza bila sauti. Sauti yake nilikuwa nimekwisha kuifuta. Mezani kwangu palikuwa na mashine ya video na redio ya kaseti, zimeunganishwa kwa waya mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuvizia. Jambazi akifungua mdomo, nabonyeza kaseti icheze. Akifunga, naizima.

Akafungua mdomo. Nikabonyeza.

"Sasa nimeiba nini?" jambazi akauliza, kwa sauti ya Ngatia.

Midomo ilichelewa kidogo. Nikarudisha kanda nyuma, nikaanza tena. Watazamaji wa Nyeri husamehe mengi, lakini midomo ikipishana na maneno hupiga miluzi, na miluzi ingemfunika Ngatia. Sikutaka afunikwe na kitu chochote.

Nilikuwa nimetundika blanketi dirishani. Ilikuwa Alhamisi alasiri, na mtaa wetu wa Majengo haujui kunyamaza: kuku, fundi wa masufuria, watoto wa ploti, kisha adhana. Nilitaka asikike Ngatia peke yake.

Kwa aliyelifungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Watiri. Nilikuwa mfasiri wa gari la sinema la kampuni moja ya sabuni. Tulizunguka kutoka Giakanja hadi Doldol, tukitundika shuka jeupe ukutani, watu wakiketi kwenye nyasi na kutazama bure. Filamu zilikuwa za halali. Kampuni ililipia ruhusa kwa wenyewe, na karatasi zilikaa garini. Mimi nilishika maiki nikaeleza yanayosemwa. Doldol sikuweza kufika kila mara, kwa hiyo nilitengeneza kanda moja yenye sauti yangu, gari likawa linaenda nayo.

Kanda hiyo ndiyo iliyoniangusha. Ngatia, mwenye ukumbi wa video hapa Majengo, alikuja kuiazima kwa alasiri moja. Alisema mama yake haoni picha vizuri, anataka kunisikia tu. Siku hizo Ngatia alikuwa akinichumbia, au mimi nilidhani ananichumbia. Nikampa.

Si muda, sauti yangu ikawa inauzwa Karatina, Nanyuki, Embu. Meneja wetu, Bwana Murungi, aliisikia akila chakula hotelini kule Chuka. Akaniita ofisini, akaicheza, akaniuliza jambo moja: "Hii sauti ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikasema ni yangu. Nikafutwa kazi. Ngatia alipoulizwa, alisema mimi ndiye niliyemwuzia.

Baadhi yenu mmenitumia salamu kupitia kwa mhariri, mkisema nimwachie Mungu. Sisemi mmekosea. Nililifikiria jambo hilo kwa utulivu, na nilikuwa nimeanza kumwachia. Kisha Jumanne, Ngatia mwenyewe akabisha mlangoni pangu.

Alivaa jaketi jipya la ngozi. Alipoketi lilitoa mlio kama mlango.

"Siste, bado umenuna?"

"Karibu."

"Wacha nikuambie kitu ya maana. Nafungua ukumbi mpya, mkubwa. Jumamosi. Onyesho ya kwanza ni ya bure, watu wote waingie tu. Na Murungi anakuja. Kampuni inatafuta mtu wa kuwafanyia hiyo kazi ya sinema ya bure, na huyo mtu ni mimi."

"Hongera."

"Asante. Sasa, shida ni moja. Watu wanataka sauti yako. Nilijaribu Phyllis wa saluni. Maze, huyo anacheka kabla jambazi hajapigwa." Akatoa kanda ndani ya jaketi, akaiweka mezani. "Nisemee hii. Murungi nitamwambia umebadilika. Nitakurudisha kazini, chini yangu."

"Chini yako."

"Chini, juu, hiyo ni maneno tu. Lakini mwanzo ya kanda useme pole. Kitu fupi. Ati wewe ndio uliuza ile ya kwanza, na unajuta. Murungi akisikia hiyo kwa mdomo yako, roho yake itatulia."

Mimi si mwepesi wa hasira. Hasira yangu huja kwa miguu, polepole. Lakini ikifika huketi.

Redio ya kaseti ilikuwa mezani, na ndani yake kaseti tupu niliyokuwa nikijifunzia kusema. Nikanyoosha mkono kama mtu anayesogeza kitu kisianguke, nikabonyeza kwa pamoja vitufe viwili vya kunasa sauti.

"Ngatia, nieleze nielewe. Ile kanda niliiuza mimi?"

Akatazama mlango, akacheka. "Si tuko wawili tu? Haya, niliuza mimi. Sasa nimeiba nini? Kitu watu wanapewa bure haiwezi kuibiwa. Ukichota maji ya Chania, mto inakushtaki?"

"Mto hauna sauti yangu."

"Sauti ni upepo, Watiri. Ulipiga kelele kwa uwanja, mimi nikashika. Na wenye filamu wako huko ng'ambo, hawajui kama Nyeri ni mji ama ni ugonjwa. Wajinga wa Giakanja wanakaa kwa baridi wakingoja gari mwezi mzima. Mimi nawaletea kila siku. Si wanishukuru?"

"Na Murungi?"

"Murungi? Huyo ni ng'ombe ya maziwa. Unampapasa mgongo, unakamua." Akacheka tena, kile kicheko chake kirefu kinachoanzia puani.

Hiyo ya ng'ombe sikuitegemea. Aliitoa kwa ukarimu wake mwenyewe.

"Nitakufanyia," nikasema.

"Pamoja na pole?"

"Pamoja na pole."

"Ndio maana nilikupendea. Hubishani." Akainuka, jaketi likalia. "Nitakujia kanda Jumamosi mchana."

Alipotoka niliyapima maneno yake, kwa sababu hata mwizi anaweza kusema la kweli. Ni kweli kwamba hatukumtoza mtu. Lakini harusini pia chakula ni cha bure, na mtu akionekana anatoka na sufuria kichwani, hakuna anayemwita mgeni. Nikaona amekosa. Baada ya kuona hivyo sikurudi nyuma.

Na nikiri la kwangu. Kanda aliyoniletea ilikuwa ya wizi kama zile nyingine zake. Nami niliketi nikaifanyia kazi, mali ya mtu nisiyemjua, ili nipate kulipiza kisasi. Sikuwa msafi. Nilikuwa mwenye haja.

Ngatia, kazi zake nilizijua. Hajawahi kutazama filamu hadi mwisho. Hutazama mwanzo kidogo ahakikishe picha haina mikwaruzo, kisha huenda kunywa chai. Kwa hiyo mwanzo nilimpa alichotaka: mimi naomba radhi, kwa sauti yangu. Kisha filamu inakwenda, mimi nafasiri kama kawaida, watu wanatulia, Murungi anatulia. Kisha katikati jambazi anaingia chumbani, anaweka mkono kiunoni, na Ngatia anaanza kusema.

Hiyo Alhamisi kazi ilikwenda vizuri. "Niliuza mimi" iliingia. Mto Chania uliingia. Wajinga wa Giakanja waliingia. Ng'ombe wa maziwa aliingia sawasawa kabisa, kwa sababu hapo jambazi hutafuna kitu na mdomo wake hauonekani vizuri. Kikabaki kicheko. Jambazi hucheka sana kabla staringi, yule shujaa wa filamu, hajavunja mlango, na kicheko ni kigumu kuliko maneno. Nikakiacha hadi Ijumaa.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Ngatia hakuniambia ukumbi wake mpya uko upande gani wa mji. Nami nilitaka kuwepo. Nilitaka kusimama mlangoni nimwangalie Murungi usoni pindi ng'ombe atakapotajwa.

Nikatoka hadi kibandani kwa Bi Mwanaisha, anayeuza chai na mahamri karibu na msikiti. Amezaliwa hapa hapa Majengo, na Kiswahili chake ni cha nyumbani. Ngatia hunywa chai kwake kila jioni.

"Bi Mwanaisha, Ngatia akipita, mwambie mimi niko tayari. Lakini sitoki hapa kabla hajanieleza mambo ya mahali."

Akaacha kukoroga. "Alaa. Kumbe mmefika huko."

"Tumefika mbali. Imebaki kidogo tu."

"Na huo ugomvi wenu?"

"Ugomvi una dawa yake."

Akanitazama kwa macho laini, akanipa andazi bila kuombwa. "Ni haki yako, mwanangu. Mwanamke asitoke mikono mitupu. Asiposikia yeye, nitawaambia wakubwa wake."

Nilidhani ananitania. Nikala andazi lile, nikarudi nyumbani na furaha mbaya moyoni.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimetundika tena blanketi, naanza kukitafuta kile kicheko, niliposikia hodi. Nikazima mashine, nikafungua. Alikuwa Bi Mwanaisha, amemshika mkono mama mmoja mzee mwenye kiondo.

"Mgeni wako huyu," akasema. "Jana nilimkuta kibandani anamngoja mwanawe. Nikaona ujumbe wa mahari haupewi kijana. Hupewa mama."

"Ujumbe wa nini?"

"Wa mahari, mwanangu. Si ulisema hutoki kabla hujaelezwa mambo ya mahari?"

Nilikuwa nimesema mahali. Moyoni mwangu nilisema mahali. Lakini sisi wa mlimani, tukiandika, twazijua herufi hizi mbili. Tukisema kwa haraka, ulimi hujichagulia wenyewe. Mtu wa Giakanja angenielewa bila taabu. Bi Mwanaisha hana ulimi wetu. Sikio lake liliokota nilichotamka, si nilichokusudia. Kwa herufi moja, nilikuwa nimedai kuolewa na Ngatia.

"Bi Mwanaisha, mimi nilikuwa na maana ya..."

Lakini yule mzee alikwisha kuupapasa mkono wangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Mimi ni Wakonyo wa Giakanja, mama yake Ngatia," akasema kwa Gikuyu. "Wasichana wengine huona haya. Wewe umeuliza kama mtu mzima. Nimefurahi."

Bi Mwanaisha akacheka, akatuacha, akarudi kwenye chai yake.

Nikamkalisha mama kitandani, maana kiti kilikuwa kimebeba waya. Akatoa vitu kiondoni kimoja kimoja: sukari, unga wa wimbi, mkungu mdogo wa ndizi. Akavipanga mezani kwa kupapasa, kando ya mashine zangu.

"Nimekuja kwako kwanza," akasema. "Nikipeleka wazee kwenu Othaya, utaitwa mbele ya watu uulizwe kama ile pombe ya mahari tuinywe au tusiinywe. Sisi wa kanisa tutanywa soda, lakini swali ni lile lile. Sitaki kufungua soda za watu halafu bibi arusi aseme hapana."

"Maitu, ngoja kwanza. Kuna neno..."

"Kama ni lile la wizi, usiliogope."

Nikasogeza ndizi mbali na waya.

"Ngatia alinieleza yote. Ati uliuza kitu cha kampuni, ukafukuzwa. Nikamwambia, kijana, msichana akikosea akiwa peke yake, akiolewa sisi tunamfunika. Nitakufunika. Nani hajakosea?"

Alikuwa akinisamehe kosa la mwanawe, na mikono yake ilikuwa na joto. Sijawahi kutukanwa kwa upole kama ule. Neno "mahali" lilikuwa limenifika mdomoni. Nikalimeza.

"Na Ngatia amesema nini juu ya mahari?"

"Alicheka kidogo, unajua alivyo. Kisha akasema, basi ni vizuri, sauti itabaki nyumbani."

Mama aliyasema kama zawadi. Mimi niliyasikia kama yalivyotoka kwa mwenyewe. Ngatia alikuwa ameona mlango. Mke hamshtaki mumewe. Mke haombi ruhusa ya sauti yake. Kile alichokuwa akikiiba, sasa angepewa na wazee, kwa soda na maombi.

Kama kulikuwa na huruma iliyoanza kuota kwangu, hapo aliikanyaga mwenyewe.

"Kesho nitaketi mbele kabisa," mama akaendelea. "Kwenye huo ukumbi wake, nyuma ya soko kuu. Nimealika wamama wote wa kanisa letu. Filamu ikiisha nitasimama niwaambie kwamba wewe ni wetu, na kwamba yaliyopita yamepita."

Basi mahali nikapata. Ila sikufurahi. Niliwaona wamama wa Giakanja, wamefunga vitambaa vizuri, mstari wa mbele, wakingoja kuitwa wajinga na mtoto wa mwenzao.

"Maitu, pengine usijisumbue. Hapo ndani kutakuwa na kelele, na macho yako..."

"Macho yangu hayana kazi huko. Mlipokuwa mkija sokoni kwetu na gari, mimi niliona weupe tu wa shuka. Nilikuwa nakuja kukusikiliza wewe. Ukisema mlango umefunguliwa, mimi nauona mlango. Binti yangu alikuwa akinicheka. Ati mama, unakwenda sinema na masikio."

Kwa hiyo la macho lilikuwa kweli. Ngatia alikuwa amechanganya kweli na uongo, kama muuza maziwa na maji. Nami, bila kufikiri, nikasema lililonijia.

"Basi ile kanda ilikufaa."

"Kanda gani?"

"Aliyokuletea Ngatia. Alisema unataka kunisikia, nikampa akae nayo alasiri moja."

Mama akageuza kichwa, sikio kwangu. "Sijaletewa kanda, mwanangu. Kwangu hakuna stima. Ningeichezea wapi?"

Mtaniuliza kwa nini mimi, ninayejua waya zote, sikujiuliza swali hilo siku ile. Nilikuwa nikichumbiwa. Sina jibu jingine.

"Watiri," akasema. "Mwanangu alikuja kwako akitumia jina langu?"

"Kunywa chai kwanza, maitu. Nitakuwekea."

"Alikuja akitumia jina langu?"

"Ndiyo."

"Na hiyo kanda ikaenda wapi?"

"Iliuzwa."

"Na nani?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, na angeniamini; niliona hivyo usoni mwake. Lakini ukweli wangu niliuandaa usemwe mara moja tu, mbele ya Murungi, kwa kinywa cha mwizi mwenyewe. Nikiumwaga pale kitandani, ungefika kwa Ngatia kabla ya jua kutua. Angeitupa kanda, na mimi ningebaki Watiri mwizi hadi kaburini. Jina langu halikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Mama hakunisukuma. Alipapasa mezani, akapita kwenye ndizi, mkono wake ukatua juu ya mashine ya video. Ilikuwa bado na joto.

"Hiki ndicho cha kesho?"

"Ndicho."

"Niwekee nisikie."

"Hakijaisha."

"Niwekee kilichopo."

Kumnyima kungekuwa jibu. Nikarudisha kanda mwanzo, nikabonyeza.

Sauti yangu ikatoka. "Mimi, Watiri, naomba radhi kwa Bwana Murungi na kwa kampuni, kwa kanda niliyoiuza bila ruhusa. Najuta."

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Unajuta kama mtu anayesoma tangazo la kiwanda cha kahawa," akasema. "Ni nani aliyekupa maneno haya?"

"Yanatakiwa hapo mwanzo."

"Yanatakiwa na nani?"

Filamu ikaanza, ikanisaidia. Nikasikia sauti yangu ikieleza gari, mvua, mwanamke anayeshuka na mtoto. Mama akajiegemeza ukutani, akafumba macho. Staringi alipoteleza kwenye ngazi alicheka peke yake, cheko dogo la kanisani. Nami niliona kwenye kioo asichokiona yeye. Ngazi ziliisha. Ukumbi ukapita. Kitasa cha mlango kikazunguka.

Jambazi akaingia chumbani. Akasogea mezani. Akaweka mkono kiunoni.

Nikazima.

"Mbona umezima? Kuna mtu ameingia."

"Hapo mbele ndipo sijamaliza."

"Huyo aliyeingia ni nani?"

"Ni yule mbaya."

"Bado hajapewa sauti?"

"Bado kidogo."

"Nani anamsemea? Si wewe. Wewe hujui kusema kama mtu mbaya."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakucheka. Nikafuta vumbi juu ya televisheni, na halikuwepo.

"Ni mtu wa hapa hapa Nyeri," nikasema.

Nje, fundi wa masufuria alikuwa akigonga chuma. Mama akachukua kiondo chake kitupu, akainuka, akasimama akinitazama mahali ambapo alidhani uso wangu upo. Alipatia.

"Mimi nimezaa watoto wanne, na mmoja tu ndiye anayeniletea wasiwasi," akasema. "Sikuulizi tena leo. Kesho asubuhi, kabla sijaenda kwa wale wamama, nitapita hapa. Utanichezea hiyo kanda kutoka mwanzo mpaka mwisho, na huyo mtu mbaya akiwa na sauti yake. Nikishasikia, nitajua kama ninaketi mbele au ninawarudisha wenzangu nyumbani. Kama hutaki, niambie sasa, nimwendee mwanangu nimuulize mwenyewe."

Nikakisia njia zote mbili, kama ninavyokisia waya kabla ya kuugusa. Nikikataa, atamwendea Ngatia leo, na Ngatia si mjinga. Atakuja kuchukua kanda jioni hii hii akiwa na vijana wake. Nikikubali, mtu wa kwanza kumsikia Ngatia akijitia kitanzi atakuwa aliyemzaa. Na ni mama gani atakayesikia hivyo, kisha amwache mwanawe aingie ukumbini? Ataniomba niifute. Mama aliyeketi kwenye baridi ya Giakanja kwa ajili ya sauti yangu ataniomba niifute, nami sijui kama ulimi wangu utaweza kumwambia hapana.

"Njoo, maitu," nikasema. "Njoo mapema."

Nikamshika mkono hadi kibandani, Bi Mwanaisha akampokea, akaniuliza kwa macho kama mambo ya mahari yamekwenda vizuri. Nikamwambia yanaendelea.

Niliporudi niliketi mbele ya mashine. Vidole vyangu vilijua vitufe vyote viwili, cha kutia na cha kufuta, vimekaa bega kwa bega. Ngatia sikumhurumia hata kidogo. Hilo nalisema wazi, nisije nikawadanganya mliokuwa mkiniombea. Huruma yote niliyokuwa nayo ilitoka mlangoni na yule mama, imeshika kiondo kitupu. Nikajaribu kuketi nayo kazini, haikuketi.

Kicheko cha mwanawe kilikuwa bado ndani ya kaseti, hakijatiwa kwenye kanda. Nikazifunika mashine kwa leso. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi, na sikujua kama nitaifanya kabla hajafika, au nikiwa naye ameketi hapo kitandani, masikio wazi.